Kepu moja, wagonjwa wawili: majibu ya barua zenu

Wiki hii meseji zimeingia mpaka simu imegoma, na kilichonichekesha ni kwamba nne kati ya hizo zinauliza jambo moja kwa njia nne tofauti na wenyewe wala hawajuani, mmoja yuko Bombo, mwingine Busia, mwingine Arua, mwingine hapa hapa Kampala. Wote wanataka kujua hizi kemikali zinazoharibu DNA, mbona zikiwa kidogo zinafanya hivi na zikiwa nyingi zinafanya vile? Basi nimeziweka pamoja. Wa mambo ya presha na miguu kuvimba mtanisamehe, mtangoja toleo lijalo.

*

Asalaam alaikum. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Bombo. Wa mwisho ana sikoseli, miaka sita, kilo 18, wamemuanzishia haidroksiyurea mwaka jana na kweli yale maumivu yamepungua sana. Juzi jirani kaona kopo akasema eti hiyo ni dawa ya kansa, shemeji yake alipewa hiyo hiyo alipokuwa na kansa ya damu, inaua seli na inaharibu DNA. Toka siku hiyo nikimpa mtoto dawa mkono unatetemeka. Dawa moja inaweza vipi kuua huku na kujenga huku? Niache?

Waalaikum salaam mama. Usiache. Mengine yote nitakayoandika hapa unaweza kuyasoma kesho lakini hilo lishike leo.

Jirani yako hajasema uongo, ndio maana maneno yake yamekukaa kichwani. Ni kweli hiyo dawa inatumika kwenye kansa ya damu na ni kweli inagusa mambo ya DNA. Ila hakuuliza kiasi. Mtoto wa kilo 18 akipewa miligramu 20 kwa kila kilo, anapata kama miligramu 360 kwa siku. Mtu mzima ambaye seli zake nyeupe zimefumuka kwa kansa, madaktari wakitaka kuzishusha haraka wanaweza kumpa 50 mpaka 100 kwa kila kilo, kila siku. Kepu, yaani kile kidonge chenye unga ndani, ni ile ile, lakini kwa seli hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Ngoja nikueleze inavyofanya. Seli ikitaka kugawanyika inabidi kwanza inakili DNA yake yote, na DNA ni kama maandishi ya herufi bilioni 3, yamewekwa nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Herufi za kunakilia zinatengenezwa mle mle ndani ya seli na enzaimu moja, na haidroksiyurea kazi yake ni kuibana hiyo enzaimu. Fikiria mafundi wanajenga nyumba halafu lori la matofali limechelewa. Likichelewa kidogo, mafundi wanakaa chini wanakunywa chai, likifika wanaendelea pale pale walipoachia. Lisipokuja kabisa, ukuta uliojengwa nusu unakaa hauna kitu cha kuushikilia na mwisho unaanguka, yaani DNA inakatika pale ilipokuwa inanakiliwa. Dozi ya mtoto wako ni lori lililochelewa. Dawa haikai sana mwilini, baada ya masaa machache nyingi imeshapungua kwenye damu, na uroto wa mifupa, kiwanda cha chembe za damu, unarudi kazini. Huko kusimamishwa na kuachiwa kila siku ndiko kunakofanya uroto uanze kutoa chembe nyekundu zenye ile damu ya kitoto, ile aliyokuwa nayo tumboni mwako, ambayo haijipindi kama mundu. Hata seli nyeupe zinapungua kiasi, na hilo pia linamsaidia manake zikizidi zinachangia kuziba mishipa.

Mimi kabla ya kuandika hapa nilikaa maabara miaka kadhaa, kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha vyombo na kuangalia seli kwenye darubini, na kuna kitu nilikiona huko ambacho natamani kila mtu angekiona. Unachukua visahani vinne vya seli zile zile. Cha kwanza huweki kitu. Cha pili unaweka kemikali ya kuharibu DNA kidogo sana, cha tatu unaongeza, cha nne unamwaga nyingi. Unafunga, unarudi baada ya siku mbili. Cha kwanza kimejaa mpaka ukingoni. Cha pili seli hazijafa, zimeacha tu kuongezeka, na zingine zimetanuka zimekuwa bapa, kiini katikati, unaapa ni yai la roleksi, ile chapati ya yai, kabla halijakunjwa. Cha tatu seli zimenywea, ukingoni zinatoa mapovu kama uji unaotokota, halafu zinakatika vipande vidogo vidogo vilivyofungwa vizuri kama mizigo ya mtu anayehama. Cha nne ni aibu, zimepasuka tu, uchafu umetapakaa kila mahali.

Hivyo vya mwisho viwili vyote ni kifo lakini si kifo kimoja. Cha tatu seli imejiua yenyewe kwa utaratibu, majirani wanaokota vile vipande wanakula, hakuna fujo. Cha nne ni ajali, yaliyokuwa ndani yanamwagika nje na mahali pale panavimba. Na unajua nini kinasababisha ajali? Mara nyingine ni kule kujaribu kurekebisha. DNA ikikatika sehemu nyingi mno, protini ya kuita mafundi wa kukarabati DNA inakula akiba yote ya nguvu ya seli, mpaka hata ile nguvu ya kujiua kwa utaratibu inakosekana.

Nani anaamua seli ingoje au ijiue? Kuna protini inaitwa p53, imejulikana tangu 1979, wataalamu wanaiita mlinzi wa DNA. Uharibifu ukiwa mdogo p53 inapanda inashuka, inapanda inashuka, kama indiketa ya boda, na seli inasimama kugawanyika mpaka mafundi wamalize. Kwa baadhi ya dawa wameona kabisa ukizidisha dozi hiyo indiketa inaacha kupepesa, inapanda na kubaki juu, na hapo seli inajimaliza. Kwa hiyo seli haifanyi kitu kile kile kidogo au zaidi. Inabadilisha uamuzi.

Na hili la mtoto wako halijaanza kwako wala halikuletwa tu kutoka Ulaya. Mbale ilikuwa moja ya vituo vinne vya utafiti wa REACH, pamoja na Kinshasa, Luanda na Kilifi, watoto 606 walipewa haidroksiyurea, na matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua. Hapa Kampala nako mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyolinganisha watoto waliobaki kwenye 20 kwa kilo na waliopandishwa taratibu mpaka karibu 30, na waliopandishwa walikuwa na hali nzuri zaidi, mpaka utafiti ukasimamishwa mapema. Sasa ona, hapo dozi kubwa kidogo ilishinda ndogo. Kwa hiyo usimwambie jirani kwamba dozi ikiwa ndogo ndio salama zaidi, mambo hayaendi hivyo. Kuna mahali pake, na pale kliniki wanapatafuta kwa kile kipimo cha CBC, cha kuhesabu chembe za damu. Chembe nyeupe zikishuka kiasi fulani ndio wanajua uroto umebanwa vya kutosha, zikishuka zaidi ya hapo wanasimamisha kwa muda. Ndio maana wanakuita kila mara kumtoa mtoto damu, siyo kwamba wanapenda kumliza.

Basi upande wako: akiongezeka kilo wakumbushe kupima uzito upya. Ukisahau dozi ya jana usimpe mbili leo. Ukifungua kepu usishike unga kwa mkono mtupu, nawa baada ya hapo, na kama una mimba mwambie mtu mwingine ampe. Homa ikipanda nenda hospitali usingoje asubuhi. Kuhusu mbegu za kiume, ni kweli zinaweza kupungua na dawa hii, hilo mtaliongea na daktari akianza kukua. Kuhusu kansa, watu wa sikoseli wameitumia miongo sasa, Marekani iliruhusiwa kwa watu wazima 1998, na haijaonekana kuwaletea kansa zaidi ya wengine.

*

Mimi nauza karanga na mahindi hapa Busia, miaka 34. Zile karanga zilizokunjamana au zenye vumbi la kijani hatuzitupi, zinasagwa kuwa binyebwa, ule mchuzi wa karanga, na nyumbani tunakula tangu utotoni. Watu wa semina wakasema zina sumu ya kansa. Mimi nasema kama ingekuwa sumu si tungekufa zamani? Kidogo kidogo kila siku mwili si unazoea?

Kaka, mwili hauzoei. Nakuambia moja kwa moja manake hii yako ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko ya mama wa Bombo.

Hiyo sumu ni aflatoksini, inatoka kwenye ukungu. Inapoingia mdomoni haina makali, ni ini lenyewe ndilo linaipa makali likijaribu kuiyeyusha itoke, inageuka kitu kinachong'ata DNA, na inapenda kung'ata herufi moja hasa, G. Ukila nyingi kwa mara moja seli za ini zinakufa kwa wingi, macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa maji, mtu anaenda ndani ya siku au wiki. Mwaka 2004 kule Kenya, Makueni na Kitui zaidi, mahindi yenye ukungu yaliwafanya watu 317 waugue na 125 wakafa. Na sisi hatuko mbali na hayo, mwaka 1970 ilichapishwa habari ya kijana wa miaka 15 wa hapa Uganda aliyekufa kwa ini, na muhogo uliokuwa unaliwa nyumbani kwao ukapimwa ukakutwa na miligramu 1.7 kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki siku hizi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote. Piga hesabu, ni mara 170.

Wewe hujafika huko, na ndio unadhani umezoea. Dozi yako ni ndogo, seli za ini haiziui, zinang'atwa tu hapa na pale. Nyingi zinarekebisha na maisha yanaendelea, na seli ya ini kwa kawaida haina haraka ya kugawanyika, ina muda wa kukarabati. Shida inakuja ile seli ikigawanyika kabla fundi hajamaliza. Pale palipong'atwa inasoma vibaya, inaandika T mahali pa G, na likishanakiliwa hilo si jeraha tena, ni maandishi, hakuna fundi atakayejua kwamba ni kosa. Seli iliyokufa haileti kansa. Inayoleta ni iliyobaki hai na maandishi yaliyoharibika. Na mahali moja ambapo aflatoksini imekamatwa mara nyingi kwenye kansa za ini, Afrika na China, ni ndani ya jeni ya p53 yenyewe, kodoni (kundi la herufi tatu) namba 249. Yaani mlinzi wa geti ndiye amepigwa.

Sasa ongeza hepataitisi B, ambayo hapa kwetu ipo. Kirusi hicho kikikaa kwenye ini, seli zinakufa kila siku na zilizobaki zinagawanyika kujaza nafasi, kwa hiyo ule muda wa kukarabati unapotea. Kule Shanghai walifuatilia wanaume zaidi ya 18,000. Mwenye alama za aflatoksini mwilini tu alikuwa na hatari ya kansa ya ini kama mara 3 ya asiye na chochote, mwenye hepataitisi B tu kama mara 7, mwenye vyote viwili kama mara 59. Sijakosea kuandika.

Wewe una miaka 34, chanjo ya hepataitisi B kwa watoto wachanga Uganda ilianza 2002, kwa hiyo hukuipata utotoni. Nenda kapime, ukikutwa huna uchanjwe. Kuhusu karanga, kuchemsha hakuondoi hiyo sumu, na kusaga ndio kuisambaza kwenye chungu kizima. Chambua kwa mkono, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye uchungu, tupa, na usimpe kuku wala ng'ombe manake kwa ng'ombe itakurudia kwenye maziwa. Anika juu ya turubai siyo chini kwenye udongo, na usifunge gunia kabla hazijakauka. Najua unapoteza pesa. Lakini wewe ni mtu wa Busia, unakumbuka Machi 2021 Kenya walivyofunga mahindi yetu kwa ajili ya hii hii aflatoksini na malori yakalala pale mpakani, hiyo nayo ilikuwa pesa.

*

Niko S5, kidato cha tano, hapa Arua. Kama dozi kubwa inaumiza hivi, kwa nini wagonjwa wa kansa wanapewa nyingi mpaka nywele zinatoka? Si wapewe kidogo kidogo?

Swali zuri mwanangu, na jibu lake lina historia ya nyumbani. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda, kansa ambayo leo dunia nzima inaiita limfoma ya Burkitt. Uvimbe huo unaweza kuwa mkubwa mara mbili ya ulivyokuwa ndani ya siku moja hivi. Miaka ya 60 wakajaribu siklofosfamidi, dawa iliyotokana na ukoo wa gesi ya vita ya mustadi, inashika nyuzi mbili za DNA na kuzifunga pamoja, na kuna watoto uvimbe uliyeyuka baada ya dozi chache. Mwaka 1967 pakaanzishwa pale Mulago kile ambacho sasa ni Uganda Cancer Institute.

Mbona wasipewe kidogo? Manake karibu nusu ya kansa zina p53 iliyoharibika, indiketa haifanyi kazi. Ukizipa kidogo hazisimami, zinagawanyika na majeraha yao, zingine zinabaki na kujifunza kuishi na dawa. Inabidi uzivunje kiasi kwamba haziwezi kuendelea hata zikitaka. Seli za mwili zenye afya zinasimama na kukarabati, ndio maana anapewa kisha anapumzishwa, mara nyingi kama wiki tatu, uroto urudi. Nywele zinatoka kwa sababu mizizi yake inagawanyika haraka, dawa haijui kutofautisha.

Ila bei ipo. Kuna wachache wanaopona kansa ya kwanza halafu miaka 5 mpaka 10 baadaye wanapata kansa ya damu, kutoka kwenye zile seli za uroto zilizoumia zikapona vibaya. Ni zile zile nilizomwambia ndugu wa Busia. Daktari anajua, na bado anakupa, kwa sababu uvimbe wa leo haungoji miaka 5. Usome baiolojia vizuri, tunahitaji watu.

*

Natumia dawa za virusi miaka tisa sasa, niko Kampala. Nimesikia kule Ulaya vidonge vya UKIMWI viliwahi kukutwa na kemikali ya kuharibu DNA. Ni kweli? Na je kuna kiasi ambacho hakidhuru kabisa?

Ni kweli. Ilikuwa Juni 2007, dawa inaitwa Viracept ya kampuni ya Roche. Wagonjwa wenyewe ndio walianza kulalamika vidonge vinanuka. Kumbe tangi la kiwandani la kuwekea asidi lilioshwa kwa spiriti halikukaushwa, asidi ikakutana na ile spiriti iliyobaki, ikazaliwa ethili mesilati, kemikali ambayo maabara tunaitumia makusudi tukitaka kuharibu jeni za wadudu na mimea. Dawa yote ikaondolewa sokoni Ulaya.

Halafu wakafanya kitu ambacho kwa kawaida hakifanywi kwa uangalifu hivyo, wakawapa panya hiyo kemikali kwa dozi nyingi tofauti, ndogo mpaka kubwa, na kuhesabu makosa kwenye DNA. Juu ya dozi fulani makosa yalipanda kama ulivyotarajia. Lakini chini ya miligramu 25 kwa kilo kwa siku hayakupanda, yalibaki yale yale ambayo panya anayo bila kupewa kitu, manake mafundi wa DNA walikuwa wanamaliza kazi yote kabla seli haijagawanyika. Wagonjwa walikuwa wamekula mamia ya mara chini ya hapo. Kwa hiyo kwa ethili mesilati jibu ni ndio, kiasi hicho kipo. Kwa aflatoksini hakuna aliyeweza kuchora mstari kama huo, ndio maana, hata ukiwa na ile 10 ya Afrika Mashariki, kanuni yake ni iwe chini kadri inavyowezekana, na kwa kemikali mpya kila moja inabidi ipimwe kivyake.

Wewe kama uko kwenye dolutegravir kama wengi wa hapa siku hizi, hiyo hadithi haihusu kidonge chako. Endelea kumeza saa ile ile.